Majina ya waliokimbia vita yalindwe

Tangu makambi ya kandokando ya Goma yalipovunjwa Februari 2025, familia nyingi zinatafutana kupitia redio za jamii. Mama anamwachia mwandishi wa mtaani jina la mtoto, umri wake, na mahali alipoonekana mwisho. Habari hiyo inafikaje studioni?

Njia ni mbili. Kuna huduma ya kupeleka ujumbe ambao mafundi wanauita webuhuku. Umeme ukikatika studioni, huduma inatunza ujumbe na kujaribu tena. Ila ujumbe unapita kwenye mashine za kampuni ya mbali, na unaweza kusomwa huko. Njia nyingine ni mtandao wa siri, yaani VPN: kompyuta za redio peke yake zinaongea, na maneno yamefungwa. Ila moja ikizimika, hakuna kinachopita.

Redio zitumie zote mbili, kila moja kwa kazi yake. Matangazo ya maji na chanjo yapite kwenye huduma. Majina ya watoto na makimbilio ya familia yapite kwenye mtandao wa siri, yangoje umeme urudi. Tangazo lililopotea linasomwa tena kesho. Jina likiangukia mkono mbaya, hakuna wa kulirudisha.