Remoki Kuachana na Gari Si Kazi ya Shetani

Kila mara remoki inapoachana na gari yake kwenye mteremko, mwenye gari ana jibu tayari: ni shetani wa barabara, ni saa ya mtu ilifika. Jibu hilo wakaaji walikatae. Shetani hafungi remoki. Anayeifunga ni mtu, na anayemharakisha kwa simu ni mtu vilevile.

Kwenye barabara ya kitaifa nambari 4, kutoka mpaka wa Kasindi hadi Beni, malori yanabeba mizigo iliyotoka bandari ya Mombasa kupitia Uganda. Kandokando yake kuna masoko, shule, na familia zilizokimbia vita zikajenga vibanda pale zilipopata nafasi. Familia hizo hazina hata franga moja ndani ya mizigo ile, lakini uzembe wa wengine unaziangukia wao.

Kazi yenyewe haina siri. Chini ya remoki kuna pivo, msumari mnene wa chuma, mara nyingi wa milimita 50 tu. Pivo inaingia ndani ya seleti, ile sahani iliyo nyuma ya gari, na meno ya seleti yanaikamata. Mzigo wote unavutwa na chuma hicho kimoja. Remoki ikisimama juu sana wakati wa kufunga, pivo inaweza kupita bila kukamatwa vizuri, na dereva aliyesikia mlio anafikiri imefunga.

Ndiyo maana mlio hautoshi. Dereva anayejua kazi yake anazuia magurudumu ya remoki, anarudi nyuma polepole, kisha anajaribu kuvuta mbele kidogo huku freni za remoki zikiwa zimeshika. Halafu anazima moto, anavuta freni ya mkono, anashuka na tochi. Anatazama kama meno yameshika shingo ya pivo, kama mkono wa kufungia umerudi mahali pake, na kama hakuna nafasi kati ya seleti na remoki. Baadaye anaunganisha mabomba ya hewa na waya wa taa, anapandisha miguu ya remoki hadi mwisho, anajaribu freni na taa. Ni dakika chache tu.

Wenye magari wanajitetea: barabara ni mbaya, vizuizi vya kulipisha ni vingi, shofere lazima akimbie. Lakini barabara ya mashimo ndiyo inayotikisa chuma zaidi. Kwa hiyo inadai ukaguzi kwenye kila kituo, haiusamehe.

Kuna ubaya mwingine. Bomba jekundu la hewa likikatika, freni za remoki zinapaswa kushika zenyewe. Fundi anayezifunga kwa sababu zinavuja ameondoa ulinzi wa mwisho. Na shofere anayetoa vitesi kwenye mteremko ili kuokoa mafuta anaiacha injini isimsaidie kuzuia mzigo. Mafuta ya nani yanaokolewa, na kwa maisha ya nani?

Mama anayekimbia risasi na kupanda juu ya mzigo na watoto wake asilaumiwe. Hana gari nyingine. Alaumiwe anayepokea nauli yake juu ya remoki ambayo hakuikagua.

Polisi wa barabarani wanaoomba karatasi waombe pia kuonyeshwa seleti na freni. Mwenye gari alipe muda wa ukaguzi kama anavyolipa mafuta. Viongozi wa kambi nao wawakataze watoto kutafuta kivuli chini ya remoki iliyoachwa juu ya miguu yake: kwenye matope, bila mbao nene chini, miguu hiyo inazama.

Siku remoki nyingine itakapoachana na gari, wakaaji wasiulize shetani alipita wapi. Waulize nani alishuka na tochi.