Jina Letu Lilisafiri Kabla Yetu

Jumatatu, Masasi

Mpwa wangu alifika jana jioni. Ni utingo wa lori linalobeba mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Lubumbashi, Kongo, na mapumziko yake ni wiki moja tu ya kumsalimu mama yake. Tulipomaliza ugali na kisamvu alitoa mfuko wa nailoni uliokunjwa mara tatu. Ndani mlikuwa na pasipoti na kadi ya manjano.

Niliishika kadi ile kwa muda. Ni kijitabu chembamba chenye jina la mwenyewe, tarehe ya chanjo ya homa ya manjano, namba ya toleo la chanjo, sahihi ya mchanjaji na muhuri wa kituo. Bila muhuri ni karatasi tu. Kongo humdai mgeni kadi hiyo, na Tanzania nayo huidai kwa anayetoka nchi zenye ugonjwa huo. Huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo anayechanjwa asubuhi ya safari amechelewa. Tangu Julai 11, 2016 ni cheti cha maisha. Zamani kilihesabiwa miaka 10, basi mwenye kadi ya siku nyingi asikubali kuambiwa imekwisha muda wake.

Mei 2020 mpwa wangu alikuwa Tunduma, siku Zambia ilipofunga mpaka wa Nakonde kwa sababu ya korona. Anasimulia foleni ya malori isiyosogea, kulala chini ya tela, na watu waliopita mbali na madereva na utingo wao kana kwamba wao ndio ugonjwa. "Mzigo waliutaka, mjomba. Sisi ndio hawakututaka."

Kabla ya kulala aliniuliza: "Nikipata homa njiani, niseme?" Nilimwambia tutazungumza kabla hajaondoka. Sikuwa na jibu la kumpa hapo hapo.

Jumanne, Newala

Bibi mmoja, jirani wa ndugu zangu, alikuwa amekaa barazani akipepeta mchele. Nilimwamkia, nikamwomba aniambie maana ya *kungunyala*. Hakujibu kwa maneno. Aliweka ungo chini, akajikunja: mgongo ukainama, magoti yakapinda, vidole vikajifumba kama vya mtu aliyeshika kamba. Akanyooka polepole, akacheka, akasema, "Hivyo, mwanangu."

Kutoka kwenye kitenzi hicho cha Kimakonde limetoka jina ambalo leo daktari wa Brazil, wa India na wa Italia huliandika kwenye faili la mgonjwa: chikungunya. Mwaka 1952 hadi 1953 uwanda huu wa Makonde ulipigwa na homa iliyowalaza watu nyumba baada ya nyumba, kwa maumivu ya viungo yaliyowafanya wasiweze kusimama wima. Daktari Marion Robinson na mtafiti W.H.R. Lumsden waliuandika mlipuko huo mwaka 1955, na virusi vyake vikatambuliwa kutokana na damu ya wagonjwa wa huku. Jina hawakulitunga wao. Waliliokota midomoni mwa wagonjwa.

Lumsden alitazama pia mitungi. Uwandani maji yalikuwa shida. Wanawake walishuka bondeni na kupanda na ndoo kichwani, na maji yakishafika nyumbani yalitunzwa kwa siku nyingi. Mbu aina ya Aedes, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, hutaga hasa kwenye maji ya namna hiyo, safi na yaliyotulia, ndani ya mtungi, pipa au tairi lililotupwa. Tena huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi kumzuia.

Kisha ugonjwa ukasafiri. Mwaka 2004 uliingia Lamu, na vipimo vya damu vilionyesha kwamba watu watatu katika kila wanne wa mji ule walikuwa wameambukizwa. Kutoka pwani ya Kenya ulifika Komoro, kisha Réunion, ambako mwaka 2005 na 2006 zaidi ya theluthi moja ya wakazi wa kisiwa waliugua. Ukaivaa India. Mwaka 2007 msafiri mmoja kutoka Kerala alishuka nao Italia, na watu zaidi ya 200 wakaugua katika vijiji vya jimbo la Ravenna. Desemba 2013 ulifika visiwa vya Karibi, na ndani ya mwaka mmoja wagonjwa waliodhaniwa kuwa nao katika bara la Amerika walizidi milioni moja.

Yule msafiri wa Italia angekaguliwa pasipoti, angeulizwa anakwenda wapi na atakaa siku ngapi, na bado ugonjwa ungepita. Aliyekuwa akimngoja kijijini ni mbu aliyezaliwa kwenye maji ya huko huko. Karatasi ya mlangoni humhoji mgeni, lakini mtungi ulio wazi ni wa mwenyeji.

Jumatano, ukingoni mwa uwanda

Ukisimama ukingoni mwa Newala, pale panapoitwa Shimo la Mungu, ardhi inakatika chini ya miguu yako na bonde la Ruvuma linafunguka lote. Ng'ambo ni Msumbiji. Wamakonde wako kote kuwili. Msiba ukitokea upande mmoja, vilio husikika upande wa pili, na watu huvuka kwenda kuzika. Magharibi zaidi, Mtambaswala, kuna Daraja la Umoja, lililofunguliwa Mei 2010 na Rais Jakaya Kikwete na Rais Armando Guebuza. Darajani wapo maofisa na mihuri. Mtoni ipo mitumbwi.

Novemba 2021 mto huu ulifanywa ukuta na watu walio mbali nao. Wanasayansi wa Afrika Kusini waligundua kirusi cha korona cha aina mpya na wakaitangazia dunia bila kuchelewa. Novemba 26 kilipewa jina la Omicron, na siku tatu baadaye Marekani ikawafungia milango wasafiri wa nchi 8 za kusini mwa Afrika, Msumbiji ikiwamo. Kwa hiyo Mmakonde wa kaskazini mwa Ruvuma, akiwa amechanjwa na kupimwa, aliruhusiwa kupanda ndege kwenda Marekani, na binamu yake wa kusini mwa mto akakataliwa kwa sababu ya ukingo aliotokea. Baadaye Uholanzi ilitangaza kwamba sampuli zake za Novemba 19 na 23 zilikuwa na kirusi hicho hicho. Ulaya kilikuwa kimekwishaingia.

Hilo linaniuma mpaka leo. Mtoto akija mbio kumwambia baba yake kwamba jiko linawaka, akapigwa kofi, moto wa pili hatausema.

Mahali daraja lilipo napo pana historia. Ng'ambo ya Mtambaswala ni Negomano. Novemba 25, 1917 jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck lilivuka Ruvuma huko na kuwapiga Wareno. Nyuma ya kila jeshi la Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia walitembea wapagazi, babu zetu, wengi wao wakiwa wamekamatwa vijijini. Mwaka uliofuata homa kali ya mafua iliyoizunguka dunia ilifuata njia hizo hizo za meli, reli na misafara. Wapagazi walionusurika na risasi na njaa waliibeba hadi kwao. Hakuna aliyewauliza hali zao, na hakuna aliyewaeleza walichokuwa wamebeba.

Alhamisi, karatasi za zamani

Leo nimepekua daftari zangu za miaka ya korona. Machi 16, 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, Mtanzania aliyerudi kutoka Ubelgiji. Wiki moja baadaye wasafiri kutoka nchi zilizoathirika walitakiwa kukaa karantini siku 14 kwa gharama zao. Aprili ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa. Takwimu za mwisho zilizotolewa zilikuwa wagonjwa 509, vifo 21. Kisha kimya. Mei anga ilifunguliwa na karantini ikaondolewa, lakini hesabu haikurudi.

Wapo waliodhani kimya kingelinda biashara na heshima yetu. Tazama kilichofuata. Agosti 2020 Kenya ilipofungua anga yake iliiacha Tanzania nje ya orodha. Januari 2021 Uingereza iliwazuia wasafiri kutoka kwetu. Februari Oman ikafanya hivyo hivyo, Oman yenye maelfu ya jamaa zetu, ambako harusi na matanga ya Muscat hungoja watu wa Unguja na Tanga. Asiyetoa hesabu yake huhesabiwa na wengine, tena kwa kukisia. Wazee walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mei 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, mwongozo mpya ulitoka: kila anayeingia awe na cheti cha kipimo cha ndani ya saa 72, ajaze fomu ya Afya Msafiri mtandaoni, apimwe upya akishuka. Julai 24 zilifika dozi 1,058,400 za chanjo ya Janssen, na siku nne baadaye Rais alichanjwa hadharani. Mlango ulianza kuwa na maelezo.

Kuna jambo moja katika hizo siku 14 za gharama zako ambalo wasafiri wengi hawalijui. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, ambazo nchi yetu imezikubali, zinasema katika kifungu cha 40 kwamba msafiri asiyekuja kuishi nchini asitozwe fedha kwa karantini inayotakiwa kwa ajili ya afya ya umma, wala kwa uchunguzi wa kuthibitisha hali yake. Kifungu hicho kilivunjwa sehemu nyingi wakati wa korona, na nchi tajiri zilikuwamo. Sababu ya kukiweka ni rahisi. Ukimtoza mtu kwa kuwa mgonjwa, utakuwa umemlipa kwa kujificha. Tajiri atalipia hoteli. Maskini atatafuta mtumbwi.

Ijumaa, baada ya swala

Nje ya msikiti mzee mmoja alinionyesha kitambulisho cha safari yake ya Hija. Aliweka fedha za korosho msimu hadi msimu. Mwaka 2020 Saudi Arabia haikupokea mahujaji kutoka nje. Mwaka 2021 iliruhusu watu 60,000 tu, wote wakazi wa huko. Mwaka 2022 ilifungua kwa watu milioni moja, wenye chanjo na wasiofikia miaka 65. Yeye alikuwa ameivuka. "Nilihesabu fedha, sikuhesabu umri," alisema. Baadaye sharti la umri liliondolewa, naye akaenda.

Nilimwuliza kama alichukia. Akatikisa kichwa. Alinikumbusha sindano ya homa ya uti wa mgongo, ambayo kila hujaji huchomwa siku 10 au zaidi kabla ya kufika. Sharti hilo lilitokana na Hija ya 1987, ambapo mahujaji walirudi makwao na ugonjwa huo na kuwaambukiza jamaa waliokuja kuwapokea kwa furaha. "Hii walinieleza sababu," alisema. "Mtu akikueleza sababu, mkono unautoa mwenyewe."

Nimeliandika neno hilo na kulipigia mstari.

Jumamosi, Mkomaindo

Asubuhi nilimsindikiza jirani mwenye homa hadi Hospitali ya Mkomaindo. Kabla ya kumchukua damu, muuguzi alimwuliza kwa sauti ya chini: "Mama, siku hizi umetoka wapi?" Jirani alisita, akanitazama. Alikuwa amevuka mto kwenda kwenye arobaini ya shemeji yake na hakugongewa muhuri popote. Muuguzi akaongeza, "Nauliza ili nijue cha kupima. Hakuna anayekuandika polisi." Ndipo mama akasema yote: kijiji, siku alizokaa, nani mwingine aliugua huko.

Nimesoma miongozo mingi ya wasafiri, na sijaona sentensi bora kuliko ile. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulipozuka Kagera, watu 9 waliugua na 6 wakafa. Juni 2 ulitangazwa kwisha. Ugonjwa mkali namna hiyo haukomeshwi na geti. Hukomeshwa na mtu mmoja mmoja kutaja aliokaa nao, aliokula nao, na maiti aliowaosha. Kila jina linalotajwa ni mlango unaofungwa mbele ya ugonjwa, na hakuna anayetaja jina la ndugu yake kwa mtu anayemwogopa.

Jumapili, stendi

Basi la mpwa wangu linaondoka alfajiri. Mama yake amemfungia korosho na chupa ya maji. Kadi ya manjano imerudi ndani ya nailoni yake, mfuko wa kifuani. Amekumbuka swali lake kabla yangu.

"Mjomba, hukunijibu."

Nikamwambia: sema. Sema siku ya kwanza, kwa dereva wako, kisha kwa mtu wa afya, utaje na mahali mlipolala. Uwanda huu ulisema ulichougua, kwa neno lake lenyewe, na neno hilo ndilo madaktari wanalolitumia hadi leo kuutambua ugonjwa kwa watu ambao hawajawahi kusikia habari za Newala. Hatukupungukiwa kitu kwa kusema.

"Wakinizuia?"

Wakikuzuia, wakupe maji, kitanda na sababu, bila kukudai senti. Hiyo ndiyo sehemu yao katika ahadi ya Kanuni zile za Afya. Nimemwambia pia kwamba sehemu hiyo hawajaitimiza kila mara, maana sikutaka aende na uongo wangu mfukoni.

Alinyamaza kidogo, akaingiza namba ya simu ya muuguzi wa Mkomaindo, aliyonipa mwenyewe jana, kwenye simu yake. Nikamwona akiandika jina: *Dada wa kusema*.