Safari ya mboga huchelewa ardhini, si angani

Kutoka Nairobi hadi Amsterdam kwa njia ya anga ni takriban kilomita 6,700, na ndege hutumia saa 8 hadi 9 bila kutua njiani. Kwa hesabu hiyo, maharage machanga yaliyopakiwa usiku huwa Uholanzi asubuhi. Wakulima wetu wa Arusha na Kilimanjaro husikia hesabu hiyo wanaposhawishiwa kulima kwa ajili ya soko la Ulaya.

Hesabu hiyo ni kweli, ila haijakamilika. Muda unaomwumiza mkulima ni ule wa kabla ya ndege kuruka. Mzigo uliochumwa jua likiwa kali, ukakaa kando ya barabara kusubiri gari, ukaenda kwa lori lisilo na ubaridi hadi Namanga, ukasubiri hati mpakani, unafika Nairobi ukiwa umeshazeeka. Mboga iliyochumwa bado inapumua. Joto likipanda kwa nyuzi 10, upumuaji huo huongezeka mara mbili hadi tatu. Kwa maneno mengine, saa moja kwenye joto la nyuzi 30 hupunguza uhai wa maharage sawa na saa 5 au zaidi ndani ya chumba cha baridi cha nyuzi 7. Mnunuzi akiyakataa huko Uholanzi, nauli imeshalipwa na hasara inarudi kijijini.

Liko na suala la nauli yenyewe. Ndege hutoza kwa uzito au kwa nafasi, kutegemea kipi ni kikubwa. Sentimita za ujazo 6,000 huhesabiwa kilo moja. Boksi la maua lenye sentimita 100 kwa 40 kwa 30 hutozwa kama kilo 20, hata kama mizani inasoma 14. Vikundi vinavyoanza biashara hii vidai bei ya boksi, si ya kilo peke yake.

Serikali imejitahidi upande wa anga. Juni 2023 Air Tanzania ilipokea ndege ya mizigo aina ya Boeing 767-300F, yenye uwezo wa tani 54. Tunaipongeza. Hata hivyo, ndege haitui shambani, na tani 54 haziwezi kukusanywa kutoka kwa wakulima wa robo ekari bila vituo vya kuhifadhia mazao.

Halmashauri zetu zinatoza ushuru wa mazao kila msimu. Tunashauri sehemu ya fedha hizo itengwe kwa ajili ya vyumba vya baridi, hata vidogo, katika vituo vya kukusanyia mboga, na madiwani waulizwe jambo hilo bajeti inapojadiliwa. Wakati vikisubiriwa, mkulima achume alfajiri na aweke mazao kivulini. Hilo halihitaji bajeti ya mtu.