MANENO YA MHARIRI: BEGA KUUMA SI UVIVU

Ndugu wafanya kazi,

Dada mmoja, mwanachama wetu, alikuja afisini juzi huku ameshika bega la kuume. Alikuwa amepasuliwa uvimbe wa ovari kwa njia ya laparoskopi, yaani kwa matundu madogo na kamera, akaruhusiwa kwenda nyumbani kesho yake. Siku ya tatu alimwendea nyapara kuomba siku za kupumzika. Nyapara akamcheka: "Umepasuliwa tumbo, bega laingiaje hapo? Huo ni uvivu tu."

Twataka nyapara huyo, na wote wenye mawazo kama yake, wajue kwamba dada yule alisema kweli. Maumivu ya bega baada ya laparoskopi ni jambo la kawaida, na madaktari walijua tangu zamani.

Sababu ni hii. Ili daktari aone vizuri, hulijaza tumbo hewa ya kaboni dayoksaidi mpaka ngozi iinuke kama hema. Kazi ikiisha hewa hutolewa, lakini nyingine hubaki. Mgonjwa akiketi au kusimama, hewa hiyo hupanda na kukichokoza kiwambo, ule msuli unaotenga tumbo na kifua. Mshipa wa fahamu wa kiwambo watoka shingoni, mahali pale pale itokapo mishipa ya fahamu ya bega. Basi kiwambo kikiumia, mtu husikia maumivu begani. Kwa wengi huisha baada ya siku chache.

Tena yaweza kupunguzwa. Mwaka 2019 wataalamu wa Cochrane walikusanya majaribio juu ya jambo hili. Ushahidi si wa nguvu sana, lakini waonyesha kwamba kuitoa hewa kwa uangalifu mwisho wa kazi kwaweza kusaidia. Njia mojawapo ni kumlaza mgonjwa kichwa kikiwa chini, naye daktari wa nusukaputi huyajaza mapafu yake hewa mara kadhaa, ili kiwambo kiisukume nje ile iliyo tumboni. Kazi hiyo ni ya dakika chache tu. Kuipasha moto hewa inayoingizwa hakukuonekana kuleta faida kubwa.

Kwa hiyo, dada zetu, kabla ya kupasuliwa ulizeni bila haya: "Daktari, hewa mtaitoaje? Bega likiniuma nitumie dawa gani?" Kuuliza si utovu wa adabu. Mwili ni wako.

Ukiwa nyumbani, tembea polepole mara kwa mara. Maumivu yakizidi ukiwa umeketi, lala chali. Weka kitambaa chenye joto begani, na umeze dawa ya maumivu kama ulivyoagizwa na daktari.

Lakini msidhani kila maumivu ni ya hewa. Ukikosa pumzi, kifua kikiuma, mguu mmoja ukivimba, homa ikipanda, ukizimia, au tumbo likizidi kuuma badala ya kupoa, rudi hospitali mara moja. Usingoje asubuhi.

Sasa neno kwa matajiri na manyapara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yasema kwamba mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini ana haki ya siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Lazima alete cheti cha daktari, na ampashe tajiri habari mapema iwezekanavyo. Mapatano ya chama yaweza kuongeza siku hizo, hayawezi kuzipunguza. Nyapara si daktari. Akiletewa cheti, kazi yake ni kukipokea, si kupima bega la mtu kwa macho.

Makarani wa matawi, someni maneno haya mbele ya wanachama, wake kwa waume. Mume akijua, hatamwambia mkewe achote maji siku ya pili. Mwenzake kazini akijua, atamshikia zamu bila manung'uniko. Na dada atakayedhihakiwa tena asinyamaze: alete cheti chake afisini, nasi tutakwenda naye kwa tajiri.

Umoja ni nguvu.

Mhariri