Tanga kwa Wanafunzi
Sisi wa Kakese tuna majaruba ya mpunga, lakini Ziwa Tanganyika limo mkoani mwetu, huko Karema na Ikola. Kwa nini wanafunzi wa sekondari wasishindane kwa mashua za tanga? Katika mbio za timu, mashua tatu hukabili tatu, nafasi hujumlishwa, na jumla ndogo hushinda. Wa kwanza ambaye wenzake ni wa tano na wa sita ana 12 dhidi ya 9: ameshindwa. Ndiyo maana nahodha mwerevu hupunguza mwendo, akamzibia mpinzani upepo, mwenzake apite. Nalipenda sana jambo hilo. Wakuu wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, tuanzishieni mchezo huu kwa mashua sita, na kila mtoto avae jaketi la kuokolea maisha.