NANI HULIPWA KWANZA?



Wakubwa wajapo Bungoma hutuambia kwamba nchi yaendelea na mali ya taifa inaongezeka. Hatukatai. Lakini mkata miwa haioni mali hiyo ila siku ya mshahara, na siku hiyo ndiyo inayochelewa.

Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilianza kazi katika miaka ya 1970, na mji ukakua pamoja nacho. Hata mama muuza mboga aliishi kwa mshahara wa mtu wa zamu ya usiku. Mwaka 2009 umeme ulikatwa kwa sababu ya deni, mitambo ikasimama. Mwaka 2016 kiliuzwa kwa tajiri mwingine, lakini kazi zilizorudi hazikufikia zile za zamani. Wako watu wasemao mishahara ndiyo inayoua viwanda. Twawauliza: deni lile la umeme lilikuwa la kibarua gani? Tena kiwanda kikifilisika, mwenye rehani ya ardhi na mitambo hutangulia kulipwa. Mwenye jasho hungoja nyuma.

Sasa tutazame Nzoia, iliyoanza kusaga miwa mwaka 1978. Mwaka 2025 serikali ilikikodisha kiwanda hicho kwa West Kenya Sugar kwa miaka 30. Kijana aliyeajiriwa mwaka ule akiwa na miaka 25 atakuwa na miaka 55 mkataba ukiisha. Ni maisha yake yote ya kazi. Kwa hiyo si jambo la kuachia wakubwa peke yao.

Mkulima naye ni mwenzetu. Hungoja kama mwaka na nusu miwa ikomae. Ikipimwa, hukatwa gharama za kulima, mbegu, mbolea na gari, kisha hungoja tena. Asipolipwa, mkataji halipwi, mwenye duka hauzi, mtoto hufukuzwa shule kwa karo. Fedha ikikwama mahali pamoja, soko zima hulala njaa, hata sukari ikiwa imejaa ghalani.

Twataka nini? Kwanza malipo kwa tarehe, ya mkulima na ya mfanya kazi, kabla ya faida kugawanywa. Pili, ukibarua usio na mwisho ukome. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja huhesabiwa wa mshahara wa mwezi. Akifikisha miezi miwili au zaidi, apewe masharti kama ya wenzake. Wengi wetu huandikwa upya kila mara kana kwamba wamefika jana! Mtu wa namna hii hakopeshwi, wala hathubutu kusema neno.

Basi kila mwanachama aandike tarehe aliyoanza kazi na siku zote alizofanya, na karatasi za malipo asizitupe. Azilete kwa mwakilishi wa chama mahali pake pa kazi, na vibarua wasio wanachama waje nazo pia.