MAZUNGUMZO YA JUMA: Taa Nyekundu ya Volkswagen

Tangu nilipotaja hapa, kwa neno moja tu, ya kwamba ninayo motokaa ya Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, nimepata barua kadha wa kadha kutoka kwa wenye motokaa za namna hiyo. Mmoja wao ni mkulima wa pareto aliyerithi yake kwa mjomba. Mwingine ni karani mwenzangu, ambaye alinunua yake kwa mkopo wa chama cha akiba, na sasa mkewe humwuliza kila mwisho wa mwezi kama alinunua gari au alinunua ng'ombe tasa. Wote wataka kujua neno lile lile: je, mtu asiye fundi aweza kuitunza motokaa hii kwa mikono yake mwenyewe?

Naam, aweza. Lakini kabla sijaeleza, yanipasa kuungama kosa langu, maana si haki kuwafundisha watu kana kwamba mimi nilizaliwa na spana mkononi.

Motokaa yetu iliundwa mwaka 1968, nayo ina injini ya 1500. Marehemu baba, aliyekuwa mwalimu, aliinunua ikiwa imekwisha tumika, akaiendesha miaka mingi shuleni, kanisani na sokoni. Ilipoingia mikononi mwangu nilijiona bwana mkubwa. Siku moja katika mwaka 2013 nilikuwa nikimpeleka mama Nairobi kutazamwa macho. Tulipopita Mai Mahiu na kuanza kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Rironi, taa nyekundu iliwaka mbele yangu. Mama, pamoja na ubovu wa macho yake, ndiye aliyeiona kwanza.

"Mwanangu, taa hiyo yasema nini?"

"Ni ya betri tu, mama. Betri ina nguvu za kutosha kutufikisha."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba yako alikuwa akisimama kila ilipowaka."

Mimi sikusimama. Niliona haya kusimama kilimani na malori yakinipita, tena nilidhani najua. Haukupita muda nikasikia harufu ya chuma kilichoungua. Nguvu zikapungua, nikashuka gia ya pili, nikashuka gia ya kwanza, na karibu na kilele injini ikagoma palepale, isigeuke tena hata kidogo. Mama aliketi juu ya jiwe kando ya barabara mpaka alasiri, amejifunika shuka kwa ajili ya baridi. Zamu yake hospitali ikapita, ikambidi angoje miezi mingine miwili. Fundi alipoifungua injini alikuta pistoni ya silinda ya tatu imekamatana na silinda yake. Nikauza ng'ombe wa maziwa ili nipate fedha za kuitengeneza. Mama hakunilaumu, lakini ng'ombe yule alikuwa wake.

Sasa tazameni sababu. Motokaa hii haina rejeta wala haitumii maji. Injini yake, iliyo nyuma, hupozwa kwa upepo wa feni kubwa iliyofichwa ndani ya bati. Feni hiyo imefungwa katika ncha moja ya mhimili wa dainamo, na katika ncha ya pili kuna puli. Mkanda mmoja tu huzungusha puli hiyo kutoka injini. Basi mkanda ukikatika, dainamo husimama na feni husimama pamoja nayo. Taa nyekundu huwaka kwa sababu ya dainamo, lakini habari inayoileta ni ya feni. Katika motokaa nyingine dereva aweza kusema "ni betri tu" akaendelea na safari. Katika hii asithubutu.

Kwa hiyo taa ikiwaka, ondoka barabarani mara moja, zima injini, ufungue mlango wa nyuma utazame. Ukiona mkanda ni mzima, umekaza, na feni yazunguka injini inapowashwa, basi ubovu ni wa dainamo au wa waya, nawe waweza kuendelea mchana, bila taa, mpaka betri itakapochoka. Ukiona mkanda haupo, usiwashe tena hata kwa kusogea hatua mia. Nimesikia watu wakisema ya kwamba soksi ndefu ya nailoni hufaa badala ya mkanda. Mimi sijapata kuona ikifaa, na mkanda wa akiba bei yake haifiki bei ya jogoo.

Kuubadili si kazi ngumu. Nusu ya puli iliyo upande wa ndani ina pengo dogo. Tia bisibisi humo uizuie isizunguke, halafu fungua nati kubwa ya katikati. Nusu ya nje itatoka, na katikati ya nusu hizo mbili utaona washa nyembamba kadha. Hizo ndizo zinazopima mkazo wa mkanda. Ukipunguza washa za katikati, nusu mbili hukaribiana, na mkanda hupanda juu na kukaza zaidi, ukiongeza, hulegea. Zile zinazobaki usizitupe wala usizitie mfukoni: zipange upande wa nje, chini ya nati, ili hesabu yake idumu ile ile. Kaza, zungusha injini kwa mkono mara chache, kisha bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Ukizama kama sentimeta moja na nusu, ni sawa. Ukikaza kupita hapo, utaharibu beringi za dainamo. Fanyeni zoezi hili nyumbani mchana, siku ya mapumziko, wala msingoje kujifunza usiku kwenye mvua.

Jambo la pili ni yale mabati yaliyoizunguka injini, pamoja na mpira mrefu unaoziba nafasi kati ya injini na bodi. Mafundi wengine huyatupa, wakisema kwamba yawasumbua mikono. Mabati hayo ndiyo yanayouongoza upepo upite juu ya silinda, na mpira ule huzuia hewa ya moto ya chini isirudi juu kuvutwa tena na feni. Gari likitoka gereji, hesabu mabati yako kama mchungaji ahesabuvyo mbuzi jioni.

Oili nayo ina kazi mbili katika injini hii, kulainisha na kupoza, nayo ni kidogo sana, lita mbili na nusu tu. Ikipungua nusu lita umepoteza sehemu moja katika tano. Pima kila juma, gari likiwa mahali tambarare na injini imepoa. Imwage na kuibadili kila kilometa 5,000, yaani maili 3,000 hivi. Injini hizi hazikuundwa na kichujio cha karatasi. Zina wavu wa waya chini, umefungwa kwa nati sita ndogo. Uuteremshe, uuoshe kwa petroli, utie gesketi mpya mbili. Ukiona vipande vya chuma ving'aavyo ndani ya wavu, mwite fundi. Nati zile sita zikazwe kwa mkono mpole, maana zimeshikwa na madini mepesi yasiyopenda ubabe. Kijana mmoja hodari aliniharibia mbili kwa kuzikaza kana kwamba akaza gurudumu la lori.

Kwetu barabara nyingi zingali za vumbi, na hapo ndipo kisafisha hewa kinapopata kazi. Motokaa nyingi za namna hii zina kile cha oili, ambacho vumbi hunaswa chini yake na kugeuka tope. Mwenye kusafiri kiangazi asingoje kilometa zo zote: akifungue, akichungulie, amwage tope, akioshe kwa mafuta ya taa, na kutia oili safi mpaka kwenye alama.

Valvu zapimwa injini ikiwa baridi kabisa, yaani asubuhi kabla ya kuiwasha. Kwa injini kama yangu mimi huacha nafasi ya milimeta 0.15. Hapa niseme neno moja ambalo huwapotosha wengi. Valvu yenye kelele huogopwa, na valvu iliyonyamaza husifiwa. Kumbe ile ya kelele ina nafasi kubwa tu, na ile iliyonyamaza huenda imekazana, haifungi sawasawa, nayo yaungua polepole. Silinda ya tatu ndiyo ya kuangaliwa kuliko zote, kwa kuwa katika injini za kabla ya miaka ya 1970 kipoza oili kimesimama mbele yake na kuukinga upepo.

Sasa nije kwenye moto. Nimekwisha ona motokaa mbili za namna hii zimeteketea, mabati matupu yamebaki. Petroli hutoka kwenye tangi mbele, ikapita chini ya gari mpaka pampu iliyo nyuma, karibu kabisa na disitributa yenye cheche. Mipira mifupi inayounganisha njia hiyo hukakamaa na kupasuka kwa joto na uzee. Ikunje kwa vidole. Ukiona nyufa, badili yote siku hiyo hiyo, na kila ncha ifungwe kwa klampu, si kwa waya. Kizimba cha injini hii kina madini ya magnesi, ambayo yakishika moto huwaka vikali, na kuyamwagia maji ni kuyachochea. Beba mtungi wa unga wa kuzimia moto, tena ukae karibu na kiti chako.

Betri iko chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, nayo yapaswa kuwa na kifuniko chake. Pasipo kifuniko, abiria wazito wakiketi, springi za kiti hushuka zikagusa vichwa vya betri, na kiti huanza kufuka moshi. Jambo hili lilimpata jirani yangu akiwa amewachukua wakwe zake kwenda harusini. Hakuna aliyeumia, ila mpaka leo hawajakubali kupanda gari lake.

Kuhusu yule aliyeniuliza kama motokaa hizi si za kuchezea tu: zilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1954, mwaka 1957, na tena mwaka 1962, wakati njia zilikuwa matope matupu. Ya mwisho iliundwa huko Puebla, Meksiko, mwezi wa Julai 2003, kwa hiyo zile tulizo nazo hazitaongezeka.

Yangu ingali yatembea. Mama alipata miwani yake, na hupanda nami kwenda Nairobi kila anapoitwa na daktari. Mkanda wa akiba, bisibisi na spana ya nati ile kubwa vimo ndani ya mfuko wa turubai, naye huuliza kama vimo kabla sijafunga mlango.

Juma lijalo, Mungu akipenda, nitamjibu yule mkulima wa pareto habari za breki zake zinazovuta upande mmoja. Kwa sasa asiteremke mlima na mizigo.